Uji wa Ashura kwa Fisi: Harar, Mji Unaomlisha Jirani Anayekuja Usiku



Sisi watu wa visiwani fisi tunamjua kwa hadithi tu. Unguja hayupo, Pemba hayupo. Tulikutana naye katika ngano za bibi zetu: ndiye mlafi, ndiye mjinga, ndiye aliyeshindwa na njia mbili. Mwenye uroho tunamwambia ana tamaa ya fisi, na huko bara wapo wanaoamini kuwa wachawi humpanda usiku kama punda. Kwa hiyo ukimwambia mwanamke wa kwetu kwamba upo mji wa Kiislamu, wenye misikiti 82, ambao kila mwaka humpikia fisi uji wa samli, atakuuliza kama umelala vizuri.

Mji huo upo. Unaitwa Harar, uko mashariki ya Ethiopia, katika ardhi ya Habasha ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua kwa kisa cha Najashi. Watalii wengi wanaokwenda huko siku hizi wanakwenda kuona jambo moja: mtu ameketi chini gizani, nje ya ukuta wa mji, anawaita fisi kwa majina, nao wanakuja kuchukua nyama mkononi mwake. Picha zake zimezagaa mitandaoni. Zinachoacha kusema ni kwamba maonyesho hayo ni ya juzi tu, na kwamba nyuma yake kuna mapatano ya zamani zaidi kati ya watu na mnyama anayetisha. Leo tuzungumze habari ya mapatano hayo, maana nayo, kama mapatano yote, yanaweza kuvunjika.

Ukuta na mwanamke aliyetoa sharti

Harar ni mji wa mlimani, karibu mita 1,900 juu ya bahari, wenye hali ya hewa ya ubaridi. Mji mkongwe umezungukwa na ukuta unaoitwa Jugol. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikahesabu humo misikiti 82, mitatu kati yake ya tangu karne ya 10, pamoja na maziara 102. Ndiyo maana wenyewe huuita Madinat al-Awliya, yaani mji wa mawalii.

Habari ya ukuta huo ina bi harusi ndani yake. Katika karne ya 16 Imam Ahmad bin Ibrahim alipigana vita vikubwa na wafalme wa Kikristo wa Ethiopia, mpaka akauawa mwaka 1543. Mkewe, Bati Del Wambara, alikuwa naye katika safari za vita. Alinusurika, akarudi Harar akiwa mjane, na mtoto wake wa kiume akiwa mateka mikononi mwa maadui. Hakukaa akilia tu. Kulifanyika mabadilishano, ndugu wa mfalme akarudishwa kwao na mtoto wa Del Wambara akarudi kwa mama yake. Kisha Nur bin Mujahid, mpwa wa marehemu mumewe, alipomposa, inasimuliwa kwamba bibi huyu alitoa sharti: alipize kisasi cha Imam kwanza. Mwaka 1559 Amir Nur alimuua mfalme Galawdewos vitani. Na kumbukumbu za mji zinamtaja Nur huyo huyo kuwa ndiye aliyeujenga ukuta wa Jugol.

Ushindi ule haukuleta neema. Ilifuata njaa kali, kisha maradhi, na Amir Nur mwenyewe akafa miaka michache baadaye. Tuikumbuke njaa hii, kwani katika masimulizi ya Harar njaa na fisi hawatengani.

Matundu yaliyoachwa kwa makusudi

Ukuta wa Jugol una milango mitano ya kihistoria. Zamani milango hiyo ilifungwa usiku, na mgeni aliyechelewa alilala nje. Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Harar mwezi wa Januari 1855 na baadaye kufika Zanzibar mwishoni mwa 1856, aliukuta mji ulio chini ya amri kali ya amir wake, mji ambao wageni wa Ulaya walikuwa hawaukanyagi.

Lakini ukuta huo huo uliomzuia binadamu ulimwachia njia fisi. Chini ya ukuta kuna matundu ambayo watu wa Harar huyaita *waraba nudul*, yaani matundu ya fisi. Usiku, watu wakishalala, fisi huingia vichochoroni, wakala mifupa, makombo na mizoga, kisha wakatoka kabla ya kukucha. Kabla hakujawa na gari la taka wala mfereji wa kisasa, huo ndio uliokuwa usafi wa mji. Fisi madoa ana meno na taya za kuvunja mfupa wa ng'ombe, na tumbo linalosaga hata kile ambacho mbwa angekiacha. Kinyesi chake hukauka kikawa cheupe kama chokaa, kwa wingi wa mifupa anayokula.

Wazee wa Harar wana sababu nyingine pia. Wanasema fisi huwala majini, na kwamba anapolia ndani ya mji ujue amekwishammeza mmoja. Mwanaanthropolojia Marcus Baynes-Rock, aliyeishi Harar akiwafuatilia fisi usiku kwa usiku na kuandika kitabu kuhusu maisha hayo mwaka 2015, ameyaeleza matundu hayo na imani hizo kwa kirefu. Alichokikuta ni mji ambao mtu akipishana na fisi kichochoroni hapigi kelele wala hatupi jiwe. Kila mmoja anashika njia yake.

Hapo, dada yangu, ongeza jambo moja litakalokufurahisha. Katika jamii ya fisi madoa mwenye amri ni jike. Jike ni mkubwa kuliko dume, anakula mwanzo, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Hunyonyesha zaidi ya mwaka mzima, na maziwa yake ni mazito sana. Yule anayetangulia mbele ya kundi, anayeonja kwanza na kuwafukuza wengine, aghalabu ni mama wa watu.

Uji wa Ashura

Ada ya zamani ya kumlisha fisi Harar haikuwa ya kila usiku. Ilikuwa na siku yake, nayo ni Ashura, mwezi 10 Muharram. Masimulizi yanasema kwamba uliwahi kufika wakati wa njaa kubwa, fisi wakakosa cha kula, wakaanza kuwashambulia watu. Mawalii wakakutana juu ya mlima Hakim unaoutazama mji, wakashauriana. Wangeweza kuamuru fisi wauawe. Uamuzi wao ukawa kumpikia. Ukapikwa uji, ukatiwa samli, ukapelekwa nje kwa fisi, na pakawa na amani.

Tangu hapo uji hupelekwa kila Ashura. Wanasema kiongozi wa kundi ndiye anayeonja kwanza, na uji usipompendeza wenziwe hawaugusi, mpaka waliouleta wautengeneze upya. (Sisi tuliopikia mawifi tunamwelewa vizuri mpishi huyo!) Fisi wakila zaidi ya nusu, watu hufurahi kuwa mwaka utakuwa wa neema. Wakikataa kabisa, au wakiumaliza wote, watu hukusanyika kwenye maziara kuomba dua waepushwe na njaa na maradhi.

Tazama kipimo hicho. Fisi akikataa ni hatari, na akimaliza pia ni hatari. Kinachotakiwa ni ale ashibe na abakishe. Hicho ni kipimo cha watu waliokwishaona njaa, wakajua kwamba jirani mwenye nguvu akinyimwa kabisa ana balaa lake, na akiachiwa kila kitu ana balaa lake vilevile.

Dini na ada

Najua baadhi yenu mmekwisha kunyanyua kalamu kuniuliza: hii inafaa? Tuseme wazi. Kutazamia heri na shari kwa kitendo cha mnyama si katika mafundisho ya Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Yeye alikataza kufuata ndege na ishara, na riziki ya mwaka iko kwa Mola peke yake. Sunna ya Ashura kwetu ni kufunga, siku ya tisa na ya kumi. Masheikh wamelijadili jambo hili kwa upana, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Lakini kumlisha mnyama ni mlango mwingine. Sote tumefundishwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na kisa cha aliyesamehewa kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Visa hivyo havikuuliza kama mnyama yule ni mzuri wa sura. Na fisi si mgeni katika vitabu vyetu vya fikihi: madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata sisi na wanayoyafuata watu wa Harar, yanamhesabu kuwa ni mnyama anayeruhusiwa kuliwa, kwa hadithi iliyopokewa kwa Jabir, na Mahanafi wakakataa. Leo, hata hivyo, habari yetu si ya kumla. Ni ya kumlisha.

Kutoka uji hadi kijiti

Kumlisha fisi kila usiku mbele ya wageni kulianza katikati ya karne ya 20. Inasimuliwa kuwa mwanzo ilikuwa ni kumpa mabaki ili asiguse mifugo, kisha watu wakaanza kuja kutazama, kisha wakaanza kulipa. Kazi ikapita kutoka baba hadi mwana. Mlishaji anaketi nje ya ukuta na kapu la vipande vya nyama na mifupa. Anaita. Macho yanang'aa gizani, kisha miili inajitokeza mmoja mmoja. Anatundika kipande kwenye kijiti, mara nyingine anakishika kijiti kwa meno, na fisi anachukua taratibu. Mgeni mwenye moyo anaruhusiwa kujaribu. Fisi anaweza hata kumpandia mgongoni kufuata kijiti kilichoinuliwa juu ya kichwa chake.

Fedha za wageni hao haziishii kwa mlishaji. Aliyekuja kwa ajili ya fisi usiku, asubuhi yake anaingia ndani ya Jugol. Anaonyeshwa nyumba ya Kiharari, yenye mabaraza ya ngazi ngazi ndani ya ukumbi na kuta zilizojaa vikapu vya rangi. Vikapu hivyo ni kazi ya wanawake, na ni fahari ya bi harusi kama yalivyo makawa na mikeka ya ukili kwetu. Nyumba hiyo ina hata chumba kidogo cha pembeni ambamo maharusi hukaa siku zao za mwanzo. Nyinyi mliokaa fungate hamhitaji kuelezwa. Na akibahatika kufika Harar katika Shawwal, ataona Shuwalid, sherehe ya siku tatu ya kumaliza funga sita ambazo wanawake hufunga baada ya Ramadhani, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2023.

Kwa hiyo fisi amekuwa mwenyeji wa mji, na kapu la mama fulani linauzika kwa sababu yake. Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye hatari.

Fungu likikatika

Wanasayansi kwa kawaida hawapendi mnyama mkali alishwe na watu, na sababu yao ina uzito: mnyama anapoteza hofu, anajifunza kudai, na siku akikosa anachukua. Mfano upo Ethiopia hiyo hiyo. Upande wa kaskazini, Tigray, Wakristo wa Orthodox hufunga kwa Kwaresima siku 55 bila kula nyama wala maziwa. Machinjio hunyamaza, mabaki hukosekana. Watafiti waliochunguza kinyesi cha fisi wa huko walichapisha matokeo yao mwaka 2012: wakati wa funga, fisi walikula punda zaidi kuliko kabla yake. Hakuna aliyekusudia kuwatendea fisi ubaya. Fungu lao lilikatika tu, wakaenda kulitafuta zizini.

Mfano wa pili uko nyumbani kwetu, nao unauma zaidi. Unguja ilikuwa na chui wake. Alikuwa mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa madogo, aliyetengwa na bahari kwa maelfu ya miaka mpaka akawa wa peke yake, na wataalamu wakampa jina lake mwaka 1932. Sisi pia tulikuwa na habari ya kumlisha mnyama mkali, lakini yetu ilikuwa ya siri na ya shutuma. Iliaminika kuwa wapo wanaofuga chui na kuwatuma kwa watu wasiowapenda. Mbuzi akipotea, jirani anatazamwa. Mtoto akiogopa usiku, jina la mtu linanong'onwa. Chui hakuwa tena mnyama. Amekuwa mkono wa mchawi.

Basi baada ya Mapinduzi ya 1964 pakafanyika kampeni ya kuwatokomeza wachawi na chui kwa pamoja, iliyoongozwa na mganga mashuhuri aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui waliuawa. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa ya kumwona hai, ingawa wapo watu mashamba wanaosema bado yupo. Anayetaka kuona mwili wake kwa hakika ana yule aliyekaushwa katika makumbusho ya Beit al-Amani.

Weka miji miwili hii pamoja. Harar nako kulikuwa na hofu, na katika Ethiopia yote kuna imani ya *buda*, mtu mwenye jicho baya anayegeuka fisi usiku. Mmoja wa milango ya Harar hadi leo huitwa kwa jina hilo. Hawakuwa watu wasioamini mambo hayo. Tofauti ni kwamba wao walimpa mnyama njia yake inayojulikana, siku yake inayojulikana na fungu lake linalojulikana, mbele ya macho ya watu wote. Sisi chui wetu tulimwachia minong'ono. Kilichofanywa hadharani kimedumu, na kilichofanywa sirini kimeisha kwa risasi na mitego.

Kinachobaki mkononi mwetu

Swali la leo ni kama fedha zitaharibu kile ambacho njaa haikukiharibu. Mji umekwisha kupita nje ya ukuta wake. Nyumba na barabara zimeingia pale ambapo fisi walikuwa wanapumzika mchana. Mlishaji wa zamani aliwajua fisi wake kama mchungaji anavyojua mbuzi, nani mama wa nani, nani mgomvi, nani mwoga. Mgeni wa dakika kumi hamjui hata mmoja, anachotaka ni picha. Ikiwa mgeni ndiye atakayepanga mambo, uji wa Ashura utakuwa hadithi ya kusimulia watalii, na kijiti kitakuwa ndio ada yenyewe. Na ada iliyobaki maonyesho tu haimlindi mtu wala mnyama.

Kwa hiyo, bi harusi wangu unayepanga kutembea na mumeo baada ya nikaha, ukijaaliwa kufika Harar usiende kama mtu anayekwenda kwenye sarakasi. Kaa pale mlishaji anapokuambia, usimsogelee fisi kwa nafsi yako, usimweke mtoto mbele, usimwashie mnyama mwanga mkali machoni. Lipa bila kuvutana. Muulize jina la fisi jike anayeongoza, na utaona uso wa mlishaji unavyobadilika. Asubuhi ingia mjini, mtolee salamu mwanamke mwenye nyumba, na ukipenda kikapu kinunue kwake yeye aliyekisuka.

Na wewe uliye nyumbani, mwenye mtoto anayeogopa paka wa jirani au popo wa muembeni, una kazi yako pia. Kabla hujampa mtoto jina la mchawi, mpe jina la mnyama, umwambie anakula nini na analala wapi. Sisi tumekwisha kumpoteza mmoja kwa kutomjua.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona hekima katika viumbe vyake, awahifadhi dada zetu wa Harar na watoto wao, na akubali funga zetu za Ashura. Amin.

Wasalaam, na tuonane katika makala ijayo inshaallah.